Wasomaji Wauliza: Wanawake wa Ambridge na Wanaowasikiliza

Katika toleo lililopita nilitaja kwa mistari michache mchezo wa redio wa Kiingereza uitwao The Archers, ambao BBC huurusha kitaifa tangu tarehe 1 Januari 1951, baada ya kuujaribu kwa wiki moja mwaka 1950, na ambao unasimulia maisha ya familia za wakulima katika kijiji cha kubuni kiitwacho Ambridge. Sikutarajia barua. Zimekuja, na karibu zote zinazunguka jambo moja: wanawake wa mchezo huo ni wanawake wa namna gani, na hao wanaowasikiliza miaka nenda miaka rudi wanapata nini humo? Nimechagua barua nne. Nimezifupisha, lakini maswali yenyewe sikuyagusa.

Shikamoo Mama. Nafanya kazi ya kuwatunza wazee hapa Leicester, Uingereza. Bibi ninayemhudumia ana miaka 91. Ikifika saa moja na dakika chache usiku, muziki wa mchezo huo ukianza kulia, hataki kuguswa, hataki chai, hata dawa inabidi isubiri. Juzi alinisimulia habari za Helen mpaka machozi yakamlengalenga. Nikampa pole nikidhani ni mjukuu wake, kumbe ni mtu wa redioni. Helen huyo ni nani, na kwa nini mtu mzima amlilie mtu ambaye hayupo? — Mlezi, Leicester

Marahaba, mwanangu. Pole uliyompa haikupotea bure, kwa maana mwaka 2016 nusu ya Uingereza ilikuwa ikipeana pole kama hiyo.

Helen Archer ni mtengeneza jibini katika shamba la wazazi wake. Mwaka 2013 aliingia kijijini mwanamume aitwaye Rob Titchener, mtanashati, mwenye maneno ya asali, aliyekuja kusimamia mradi mkubwa wa ng'ombe wa maziwa. Waandishi wangeweza kumfanya mlevi anayepiga mke kila Jumamosi, na msikilizaji angemtambua tangu siku ya kwanza. Hawakufanya hivyo. Rob alianza kwa kumsifia Helen mapishi, kisha akawa anachagua nguo zipi zinamfaa, kisha akamshawishi kwamba hafai kuendesha gari, kisha akamtenga na rafiki yake Kirsty, na kila alipomwumiza aliomba radhi kwa namna ambayo mwishowe anayeomba radhi alikuwa ni Helen. Jambo hilo lilichukua zaidi ya miaka miwili, kwa vipande vya dakika kama 13 karibu kila siku. Baadhi ya wasikilizaji walilalamika kwamba hadithi inatisha mno na inakokotwa, na wengine walizima redio kabisa. Mimi naona kukokotwa huko ndiko kulikokuwa na maana. Filamu ya saa mbili hukuonyesha mwanamke aliyekwisha kunaswa. Mchezo huu ulimwacha msikilizaji anaswe pamoja naye, naye mwenyewe ajishangae kwamba mwanzoni alimpenda yule bwana.

Usiku wa Jumapili tarehe 3 Aprili 2016, Helen, akiwa na mimba kubwa, alimwambia mumewe kwamba anaondoka. Tulisikia sauti zikipanda, mtoto akiingia jikoni, kisha kisu. Rob alichomwa lakini hakufa, na Helen akapelekwa rumande, akajifungulia kifungoni. Mpaka kesi iliposikilizwa, mwezi Septemba, ndipo ilipojulikana kwamba kisu kile Rob ndiye aliyekitia mkononi mwa mkewe, akimwambia kwamba njia pekee ya kumwacha ni kujiua. Tarehe 11 Septemba BBC ilirusha sehemu ya saa nzima, jambo lisilo la kawaida kwa mchezo huu, ambamo tuliingizwa ndani ya chumba cha raia wanaoamua kesi, na miongoni mwa sauti za raia hao walikuwamo waigizaji mashuhuri kama Eileen Atkins na Catherine Tate. Helen akaonekana hana hatia.

Sasa sikiliza jinsi mambo ya kubuni na ya kweli yalivyopandana. Miezi michache tu kabla ya kisu, tarehe 29 Desemba 2015, ilianza kutumika huko England na Wales sheria inayolifanya kosa la jinai tendo la kumtawala mwenzi kwa vitisho, hila na kumtenga na watu, hata kama hakuna kofi lililopigwa. Adhabu yake hufika kifungo cha miaka 5. Sheria ya namna hiyo ni ngumu kuieleza kwenye bango. Kosa lenyewe halina jeraha la kupiga picha. Waandishi wa mchezo waliketi na mashirika yanayowasaidia wanawake wanaoteswa majumbani, na kile ambacho wanasheria wangekieleza kwa kurasa 40, Rob alikieleza kwa sentensi moja ya upole kuhusu gauni.

Na wasikilizaji hawakuishia kulia. Mmoja wao alianzisha mchango wa hisani kwa jina la Helen, kwa hoja kwamba kila Helen wa kubuni ana wenzake wa kweli, na fedha zikamiminika mpaka zikapita pauni 170,000, zote zikaenda kwa shirika la Refuge linaloendesha makazi ya wanawake wanaokimbia ukatili. Ukiangalia watu waliotoa pauni 5 au 10, utaona walikuwa wakijua vizuri sana kwamba Helen hayupo. Walichokifanya ni kama kile tunachokifanya msibani: hatutoi rambirambi kwa sababu marehemu atainuka, tunatoa kwa sababu tumekaa pale.

Kuhusu bibi yako, hesabu miaka. Kama ana 91, basi mchezo ulipoanza alikuwa msichana mbichi. Siku moja ukimkuta ametulia, muulize alikuwa wapi usiku wa tarehe 22 Septemba 1955. Usiku huo Grace Archer, bibi harusi wa miezi michache, alirudi ndani ya banda la farasi lililokuwa likiungua ili amwokoe farasi, boriti ikamwangukia, akafa. Waliosikiliza walikadiriwa kuwa milioni 20. Ilikuwa pia usiku ambao televisheni ya kwanza ya kibiashara nchini humo, ITV, ilikuwa ikizinduliwa, na magazeti ya kesho yake yakamwandika Grace kuliko televisheni. Ila kuna la chini ya mkeka. Mwigizaji aliyekuwa Grace, Ysanne Churchman, alikuja kusema miaka mingi baadaye kwamba aliondolewa mchezoni kwa sababu alikuwa amewaendea watu wa chama cha waigizaji kuuliza kwa nini halipwi sawa na wanaume. Nchi ikalia kifo cha mke mwema aliyekufa kwa ushujaa, na huku nyuma ya kipaza sauti kulikuwa na mwanamke aliyeuliza mshahara. Nikifikiria habari za wanawake katika michezo ya redio, huanzia hapo kila mara, kabla ya Helen.

Mhariri, salaam nyingi. Mimi ni mwalimu mstaafu. Mke wangu marehemu nami tulikuwa wafuasi wa mchezo wa redio Twende na Wakati, na hadi leo nikimwona kijana mhuni namwita Mkwaju. Nauliza: je, mchezo wetu uliigwa kutoka huo wa Waingereza? Pili, naona wanawake katika michezo hii ama ni wavumilivu kama Tunu ama ni vishawishi vya barabarani. Huko kwa Waingereza nako ni hivyo hivyo? — Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, poleni kwa msiba, na ahsante kwa kunirudisha nyumbani. Nakumbuka betri za redio ya mama yangu zikianikwa juu ya ungo juani tangu saa sita ili zipate nguvu ya kutufikisha mwisho wa kipindi, na majirani wakija na vigoda vyao bila kualikwa.

Swali la kwanza lina jibu fupi: hapana. The Archers ulizaliwa baada ya vita, wakati chakula kilikuwa bado cha mgao, na kusudi lake la awali lilikuwa kumfundisha mkulima mbinu mpya bila yeye kuhisi anafundishwa. Mtayarishaji wake, Godfrey Baseley, alikuwa mtu wa vipindi vya kilimo, na Wizara ya Kilimo ilikuwa na sikio lake humo kwa miaka mingi. Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwezi Julai 1993, ulikuja kwa njia nyingine kabisa, yaani kwa mbinu iliyobuniwa Mexico na mtengeneza tamthilia Miguel Sabido katika miaka ya 1970. Mbinu hiyo huweka wahusika wa aina tatu, wa kuigwa, wa kuepukwa, na wale wanaoyumba katikati ambao msikilizaji hujiona ndani yao. Kwenu mnaokumbuka, Mkwaju dereva wa lori ndiye wa kuepukwa, Fundi Mitindo na Mama Waridi ndio wa kuigwa katika uzazi wa mpango, na Tunu, mke wa Mkwaju, ndiye aliyeyumba. Watafiti waliupima vilivyo: kati ya 1993 na 1995 eneo la Dodoma liliachwa bila mchezo huo ili kulinganisha watu wa huko na wale waliousikia, kisha nao wakarushiwa. Anayestahili kuitwa mtoto wa The Archers katika eneo letu ni Urunana wa Rwanda, ulioanza 1999 kwa Kinyarwanda, kwa kuwa wenyewe walikwenda wakautazama ule wa Waingereza ndipo wakafinyanga wa kwao.

Swali la pili ndilo lililonikalisha. Sikubaliani nawe kuhusu Tunu. Tunu alivumilia, ni kweli, lakini baadaye alimwacha Mkwaju akaanza biashara yake ndogo, na kwa miaka ile hilo halikuwa jambo dogo kusikika saa ya chakula cha jioni mbele ya baba mkwe. Upungufu wake naona uko kwingine. Tunu alipewa kazi ya kufundisha, na mtu aliyepewa kazi ya kufundisha hana nafasi ya kukosea kwa ajili yake mwenyewe. Kila kosa lake ni somo la wiki ijayo. Sikumbuki hata mara moja akiwa mchoyo, au akichukia jirani bila sababu, au akibadili mawazo kisha akayarudia yale ya zamani.

Kwa Waingereza nako walianza vibaya. Wanawake wa Ambridge wa miaka ya 1950 walikuwa zaidi watu wa kuoka keki, kungoja waume na kuuliza swali ambalo mwanamume alijibu kwa maelezo ya mbolea. Kilichowaokoa, kwa maoni yangu, ni miaka, kwa kuwa mhusika akidumu miaka 30 hawezi kubaki mfano wa jambo moja, atake asitake. Mchukue Peggy. June Spencer alimwigiza tangu majaribio ya 1950, na ukiacha miaka kadhaa aliyopumzika kulea, aliendelea mpaka 2022, alipostaafu akiwa na umri wa miaka 103. Peggy alianza akiwa mke wa mlevi, akaishika yeye biashara ya baa ya kijiji kwa sababu mume hakuweza, akawa mjane, akaolewa tena, akamwuguza mume wa pili aliyepoteza kumbukumbu, na June Spencer mwenyewe alikuwa amempoteza mumewe kwa maradhi yayo hayo. Humo mote Peggy hakuwa mtakatifu. Alikuwa na ubaguzi wa kizamani, aliwapangia watoto maisha, na wosia wake uliwagombanisha. Wasikilizaji walimkasirikia kama wanavyomkasirikia mama yao, na hakuna aliyetaka aondoke.

Au mchukue Pat, mkwe wa Peggy na mama yake Helen, ambaye katika mwaka 1984 alibadilisha gazeti linaloletwa nyumbani, akaacha lile la kihafidhina la mumewe akaleta The Guardian, gazeti la mrengo wa kushoto, mezani, na wasikilizaji waliokuwa wanajua maana ya magazeti hayo wakaelewa kwamba ndoa ile imeingia msimu mwingine. Ndio wakati huohuo yeye na mumewe walipogeukia kilimo kisicho na kemikali. Au Ruth, aliyekuja mwaka 1987 kama mwanafunzi wa kilimo, akaolewa, akawa mkulima kwa haki yake, akaugua saratani ya matiti mwaka 2000 na kukatwa titi. Ruth ana lafudhi ya kaskazini, na kwa miaka watu wamekuwa wakimwigiza kwa kejeli anavyovuta neno la kukataa. Huwa najiuliza kama mwanamume mwenye lafudhi hiyo angechekwa hivyo. Lakini wanaomcheka ndio haohao waliohesabu siku zake za matibabu.

Isitoshe, Mwalimu, usisahau kuuliza pia ni wanawake gani hawamo. Ilichukua miaka 40, hadi 1991, kijiji kile kupata mhusika wa asili ya Asia, naye ni wakili Usha Gupta, ambaye alishambuliwa na wabaguzi wa rangi ndani ya mchezo, na alipoolewa na kasisi wa kijiji mwaka 2008 ndoa ya Mhindu na mchungaji ilizua mjadala nje ya mchezo pia. Kwa nchi yenye mji kama Leicester, wenye wakazi wengi wa asili ya Asia, ambako anaishi mwenzako aliyetangulia hapo juu, 1991 ni kuchelewa.

Hujambo Mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na nataka kuandika tasnifu kuhusu mashabiki wa michezo ya redio. Msimamizi wangu ameniambia kwa upole kwamba hiyo ni mada ya umbea. Nilisikia kwamba mashabiki wa The Archers wana mkutano wa kitaaluma. Ni kweli? Na mtu apimeje jinsi wanawake wanavyowakilishwa bila kuishia kusema "nahisi"? — Mwanafunzi, Nairobi

Sijambo, mwanangu. Msimamizi wako amepatia neno, ila hajajua kwamba amekusaidia, kwa kuwa umbea ndiyo mada yenyewe.

Ni kweli kuhusu mkutano. Wanawake wawili wasomi, Cara Courage na Nicola Headlam, walianzisha Academic Archers, na mkutano wao wa kwanza ulifanyika London mwezi Februari 2016, yaani wiki chache kabla ya Helen kushika kisu. Wataalamu wa sheria, jiografia, afya, lishe na muziki huwasilisha mada kuhusu kijiji kisichokuwepo, kwa marejeo kamili kana kwamba kipo, na msikilizaji wa kawaida asiye na shahada huketi ukumbini akiwa na haki ileile ya kumsahihisha profesa. Na humsahihisha, kwa sababu profesa anaweza kuwa na nadharia lakini mama aliyesikiliza tangu 1962 anajua ni lini ng'ombe gani aliuzwa. Kaulimbiu wanayojiwekea ni udadisi wenye ukarimu, na mwaka 2019 walitoa kitabu kizima kuhusu wanawake, jinsia na umbea wa Ambridge. Kwa hiyo mwambie msimamizi wako kwamba njia imekwisha kukanyagwa.

Kuhusu umbea, nataka nikukutanishe na mwanamke ambaye mimi binafsi nampenda kuliko Helen. Anaitwa Susan Carter. Amezaliwa katika ukoo wa Horrobin, ambao kijijini unaonekana kuwa ni watu wa hovyo, na maisha yake yote amejitahidi kupanda ngazi moja juu ya hapo. Anafanya kazi katika duka la kijiji. Kila habari hupitia kwake, na anaitoa ikiwa imenenepa. Ukisikia mlango wa duka ukilia kengele na Susan akianza sentensi yake kwa kusema kwamba yeye si mtu wa kusema watu, jua kuna mtu anasemwa. Mwandishi mvivu angemwacha awe kichekesho. Lakini mwaka 1993 kaka yake Clive, ambaye alikuwa ameiba kwa silaha katika ofisi ya posta ya dukani hapo, alitoroka mikononi mwa dola, na Susan akamficha. Alihukumiwa kifungo cha miezi 6, siku chache kabla ya Krismasi, akiwaacha watoto nyumbani. Wasikilizaji waliandika barua, wakapiga simu, wakadai aachiliwe. Angalia wanamtetea nani: si mwanamke msafi, ni mmbea wa duka, mwenye makuu, aliyevunja sheria kweli. Walimtetea kwa sababu walijua kwamba mwanamke mwenye jina zuri na pesa za wakili asingelala gerezani Krismasi ile.

Utaona basi umbea hufanya kazi mbili. Ndani ya mchezo, ndio njia ambayo wanawake wasio na shamba wala cheo wanapata habari na nguvu, na ndio njia mwandishi anayotumia kutufikishia matukio ambayo hayakuigizwa. Nje ya mchezo, mashabiki nao wanasengenya wahusika, na katika kusengenya huko wanajadili mambo ambayo kwa majina ya kweli yasingesemeka. Mwanamke ambaye hawezi kumwambia jirani "mume wangu ananichagulia nguo" anaweza kumwambia "umemsikia Rob jana?", kisha akatazama uso wa jirani. Wewe umelelewa katika lugha yenye kanga na mafumbo, sina haja ya kukufundisha hilo.

Sasa kupima. Kuna kipimo kinachojulikana sana cha mchoraji vibonzo wa Marekani, Alison Bechdel, cha mwaka 1985, kinachouliza kama kuna wanawake wawili wanaozungumza wao kwa wao kuhusu jambo lisilo mwanamume. Kianze hicho, lakini usikae nacho, kwa kuwa mchezo wa wakulima unaweza kukifaulu kwa mazungumzo ya dakika mbili kuhusu jemu. Redio ina mizani yake. Chukua mwezi mmoja wa mchezo wowote ulio karibu nawe, wa Kiswahili au wa lugha ya kwenu, uusikilize ukiwa na daftari lenye mistari, uandike kwa kila onyesho: nani anafungua mazungumzo, nani anakatizwa, nani ana neno la mwisho, nani anatoa taarifa na nani anapokea. Andika pia sauti za nyuma ya maneno. Mwanamke anapozungumza, je, kuna sufuria? Kuna maji yanayochotwa, mtoto anayelia, ufagio? Na mwanamume anapozungumza kuna nini? Mimi niliwahi kufanya hivyo kwa juma moja tu na mchezo mmoja wa hapa kwetu, nikakuta kwamba hakuna mwanamke hata mmoja aliyezungumza bila chombo cha jikoni kusikika, hata yule aliyekuwa diwani.

Kisha waendee wasikilizaji. Usiwaulize kama mchezo umewaelimisha, watakujibu ndiyo kwa adabu. Waulize ni nani waligombana naye nyumbani kwa sababu ya mhusika fulani.

Assalaam alaykum dada. Tunabishana na mume wangu. Yeye alisoma Uingereza, na anadai kwamba katika mchezo huo wa The Archers kuna wanawake wanaotajwa kila siku lakini hawajawahi kusikika hata neno moja. Mimi nimesema haiwezekani, redio bila sauti ni nini? Tuamue. — Mkazi wa Tanga

Wa alaykum salaam, dada. Mumeo ana haki, ingawa si yote.

Ni mazoea ya zamani ya mchezo ule kuwa na wanakijiji wanaotajwa tu, wanaume kwa wanawake, ambao tunaambiwa wamefanya hili na wamesema lile, nao hawasikiki. Sababu moja ni ya kawaida kabisa: kila sauti ni mwigizaji wa kulipwa, na kijiji kinahitaji watu wengi kuliko bajeti. Lakini yuko mmoja ambaye habari yake inaingia moja kwa moja katika mjadala huu, naye ni Pru Forrest. Pru hakuzaliwa bubu. Katika miaka ya mwanzo alikuwa na mwigizaji na alizungumza kama wengine, kisha akanyamaza, na kwa miaka mingi akawa mke anayetajwa kwa jemu yake na mboga zake. Mumewe, Tom, mlinzi wa wanyama wa mawindo, yeye alikuwa na sauti mpaka ya akiba, maana ndiye aliyefungua marudio ya Jumapili asubuhi kwa maneno machache kuhusu hali ya mashambani, wiki baada ya wiki. Mume anawasalimu mamilioni, mke yuko jikoni na hata kikohozi hakisikiki.

Mwaka 1989 mchezo ulifikisha sehemu ya 10,000. Kwa sherehe hiyo Pru alirudishiwa sauti, na aliyempa sauti hiyo alikuwa Judi Dench, mmoja wa waigizaji wakubwa kabisa wa Kiingereza. Basi mwambie mumeo kwamba kwa Pru ameshindwa, kwa kuwa alisikika. Ila ukimwambia hivyo atakuuliza baada ya siku hiyo alisema nini tena, na hapo, dada yangu, itabidi umpe pointi zake, kwa sababu Pru alirudi kwenye jemu yake.